Kilemba cha Neno Moja

Jumatatu, 6 Shaaban 1303, Bagamoyo

Nimepata akili! Mzee Bwanausi kasema hamwozi bintiye Mwanamvua kwa mtu asiye na kazi, tena mposaji aje na kilemba kipya cha baba mkwe. Sina kazi. Sina kilemba. Ila nina neno la Kiingereza! Kitwana, aliyepika kwenye manowari ya Waingereza, kanipa kwa sahani ya halua: magazini. Maana yake ghala. Kesho nafungua chuo. Wanafunzi wakihitimu, desturi ni kumvisha mwalimu kilemba. Kazi na kilemba kwa mpigo mmoja!

Jumanne, 7

Wanafunzi sita, mahamali wa forodhani! Wameimba magazini mpaka mbuzi wa jirani wakatoroka. Adhuhuri wakataka neno la pili. Mbio kwa Kitwana. Kasema la pili halijui, lakini hilohilo lina maana nyingine: ghala la baruti. Halua tena.

Alhamisi, 9

Siku ya ada ya mwalimu! Mayai, muhogo, kuku mmoja mwenye kisirani. Maana ya tatu: mahali zinapokaa risasi ndani ya bunduki. Ya nne: kitabu cha habari. Wameduwaa! Neno lina matumbo mengi kama ng'ombe. Mwanamvua kapita, kacheka. Moyo nusura unitoke.

Jumamosi, 11

Kuhitimu. Bwanausi kakaa mbele. Nikavishwa kilemba cheupe kutoka duka la Shabbir. Raha iliyoje!

Shabbir mwenyewe alikuwepo. Akauliza neno limezaliwa wapi. Nikasema London. Akasema, kwa adabu kabisa, ni la Waarabu: makhazini, yaani maghala. Wazungu wa kusini walilibeba, likafika kwa Wafaransa, ndipo Waingereza wakalipata. Utamu ulioje! Nikasahau nilipo. Nikaruka, nikamshika mkono, nikasema ahsante, mwalimu wangu. Mbele ya watu wote!

Bwanausi akakohoa. Akasema aliyefundishwa humvisha kilemba aliyemfundisha. Nikakivua. Nikamvisha Shabbir. Aibu yangu haisemeki.

Jumapili, 12

Kilemba kimerudi rafuni dukani, kinauzwa. Nimelia kidogo. Mwanamvua kaniletea salamu: nitafute jembe, atanisubiri mpaka mavuno, zaidi ya hapo hapana. Maneno ya busara! Nikaapa. Nikatoka mbio kuazima jembe.

Njiani nikakutana na Kitwana. Ana neno la Kifaransa. Maana saba!

Jembe nimeliacha. Nimerudi kuchukua sahani ya halua.