Ada Haionekani, Keki Inaonekana

Jumatatu, tarehe 5 Agosti.
Andika, Yareli, andika ninavyosema, usininyooshee maneno. Mjukuu wangu huyu anayeandika kapata nafasi Oaxaca mjini, chuo cha kutengeneza meno ya bandia. Mimi nimebakiwa na manne, jambo hili linanihusu. Ada ilipwe kufikia Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Jirani yetu Bi Eduviges anasema chuo chenyewe kinawalipia wasio nacho, na fomu wameshajaza yeye na Yareli. Fomu! Tangu ajue kusoma, Eduviges huyo hana raha. Mimi nina njia yangu. Harusi hapa kila kitu kina msimamizi wake anayekilipia: wa keki, wa viti, wa bendi. Masomo yakose wasimamizi kwa nini?

Jumanne, tarehe 6.
Nimezunguka mpaka nyayo zinawaka. Mzee Hilario mchinjaji kakubali, lakini si ada. Anasema ada haionekani, keki inaonekana. Basi keki ya kumuaga Yareli, ghorofa tatu. Kinyozi Fausto, bendi. Shemeji yake, viti sitini. Kila mmoja nimemwambia yeye ndiye msimamizi mkuu. Na mama mmoja muuza fataki katoa fataki; marehemu mumewe alinipenda mimi kwanza, lakini hilo usiandike. Umeandika? Ada bado.

Jumatano, tarehe 7.
Ada bado. Eduviges anasema kesho chuo kinamtuma mtu kuja kutazama tunavyoishi. Aje tu, sherehe ya kumuaga Yareli ni kesho hiyo hiyo, atakuta nyumba imependeza. Yareli anainamia daftari. Akiinama hivi anafanana na mamaye, Mungu amlaze pema. Ona, kalamu imesimama. Andika, mwanangu.

Alhamisi, tarehe 8.
Balaa! Bendi ya watu kumi na mmoja inatikisa ua, anaingia kijana wa chuo na faili lake, kaja kukagua umaskini wetu. Akatazama keki. Akatazama viti. Akafunga faili. Yareli akakaa chini pale pale kwenye vumbi na gauni jipya. Eduviges akainyamazisha bendi kwa mkono mmoja, akauliza vitu hivi ni vya nani. Wakagombania! Keki yangu, bendi yangu, viti vyangu, kila mtu kifua mbele. Kijana akanigeukia.
"Na wewe bibi, chako hapa ni kipi?"
"Huyo aliyekaa chini."
Akafungua faili tena. Akaandika, akaandika. Nikamkatia keki.

Jumatatu, tarehe 12.
Yareli kaenda. Chuo kimemlipia yote. Nimelia kidogo, Eduviges, hilo ruka. Leo anayeandika ni Eduviges, kwa mwandiko wake wa kujidai, na anatikisa kichwa. Ati fomu ndiyo iliyofanya kazi. Fomu haina ladha! Yule kijana alikula vipande vitatu. Sasa mpwa wake Eduviges anataka kusomea umeme, na maskini ya Mungu, ana fomu tu, kavukavu. Mtu atapata nini hivyo? Usiache kuandika. Fausto nimeshamwona asubuhi. Bendi ipo. Imebaki keki.