Malalamiko Kuhusu Kuokolewa Kwangu Bure Nikiwa Natafuta Fataki za Bei Nafuu

Grímsvík,
3 Januari

Kwa Kiongozi wa Kikosi cha Uokoaji cha Grímsvík

Ndugu Hallbera,

Nakuandikia kwa cheo chako, si kwa undugu wetu. Najua mimi ni mjomba wako, na najua ningeweza kuvuka barabara nikakueleza haya jikoni kwako. Lakini juzi nilipokuja kukueleza kwa mdomo ulicheka mpaka ukashika meza. Karatasi haichekwi kirahisi, kwa hiyo naomba uisome hii ukiwa umekaa, ikiwezekana ukiwa umevaa ile sare yako nyekundu.

Ombi langu ni moja, nalo nalitanguliza ili usije ukasema nilizunguka. Naomba kikosi kinitoze gharama kamili za kuniokoa mlimani tarehe 30 Desemba. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza, ni ninyi mlionipeleka huko mlimani. Kila mwaka, Krismasi ikishapita, mnatoa magari kwenye karakana yenu na kuijaza fataki, na kijiji kizima kinakuja kununua. Sipingi. Fedha zinanunua kamba, mafuta na pikipiki za theluji, hilo hata watoto wanalijua. Mimi nilikuja kama mteja mwingine yeyote, nikachagua boksi kubwa la mipasuko mingi, lile lenye picha ya tai, nikauliza kwa adabu kama lina punguzo.

“Punguzo la nini, Mjomba?” ukaniuliza.

Nikasema la ujirani. Ukasema hapa wote ni majirani. Nikasema basi la uzee. Ukasema, “Uzee gani? Juzi nilikuona juu ya paa unapigilia misumari.” Nikabakiwa na undugu, nikautaja kwa sauti ya chini kabisa. Nawe ukajibu kwa sauti ya mtu anayeita mashua: “Ndugu zangu ndio wanaolipa zaidi!”

Watu walicheka. Jirani yangu Eyvindur alicheka kuliko wote, kisha akanunua maboksi mawili ya tai hapohapo, huku ananiangalia mimi badala ya kuangalia anachonunua. Mtu na heshima zake afanye nini baada ya hapo?

Wala usidhani mimi ni mtu wa kukurupuka. Suala la fataki nimelifikiria kwa miaka. Nimewahi kununua masalio yenu tarehe 6 Januari, siku ya mwisho ya Krismasi, na kuyaweka chini ya ngazi hadi mwaka uliofuata, na kama yasingepata unyevu yangelia vizuri. Nimewahi kupendekeza kwenye mkutano wa kijiji kwamba nyumba zipokezane, mwaka huu upande huu wa barabara, mwakani upande ule, kwa kuwa mbingu ni moja na kila mtu anaiona. Mke wangu Sólrún alisimama na kuuambia mkutano kwamba nyumbani kwetu utaratibu huo umeshaanza zamani, kwa kuwa kila mkesha wa Mwaka Mpya tunasimama uani tukiangalia fataki za Eyvindur na mimi nazikosoa. Ni kweli. Lakini mtazamaji naye ana haki zake.

Pili, hali ya hewa haikutangazwa kwa namna ya kumshawishi mtu. Kuna mfanyabiashara mmoja mjini, ng'ambo ya mlima, alitangaza kwamba ukinunua boksi moja unapewa la pili bure. Asubuhi ya tarehe 30 nilivaa koti. Sólrún alikuwa anakata nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi, akaacha kisu.

“Redio imesema upepo utapanda mchana.”

“Redio husema hivyo kila siku.”

“Na kila siku unapanda. Mafuta ya kwenda na kurudi je? Umeyapigia hesabu?”

“Mafuta yamo tayari kwenye tangi,” nikamjibu.

Naomba kumbukumbu ionyeshe kwamba jibu hilo halijapingwa na mtu yeyote hadi leo. Sólrún hakulipinga. Aliinua simu tu akaanza kuongea na mtu, na mimi nikaondoka nikidhani anaongea na dada yake, kumbe ni wewe.

Mjini nilifika salama. Nilinunua maboksi mawili kwa bei ya moja, na roketi kadhaa zilizokuwa kwenye kapu karibu na mlango. Wakati wa kurudi, nilipofika juu kule ambako barabara inapinda kuelekea kwetu, upepo ukashuka kama mtu amefungua mlango kwa teke. Nikawa sizioni tena nguzo za pembeni zinazoonyesha barabara. Nikaendelea polepole, polepole, halafu gari likainama upande mmoja na kutulia mtaroni, taratibu kabisa, kama ng'ombe anayelala.

Sitaongeza chumvi. Nilikaa. Injini ilizimika na sikuweza kuiwasha tena. Simu haikuwa na mtandao. Giza lilikuwa limeshaingia na theluji ilipanda kwenye vioo hadi nikawa sioni hata upepo unatokea wapi. Kuna wakati sikuzisikia tena nyayo zangu, nikazipigapiga sakafuni nikasikia mlio lakini sikusikia mguu. Nilimfikiria Sólrún na kile kisu, na jinsi nilivyotoka bila kugeuka. Hayo ni yangu, si ya kikosi, nayataja ili maelezo yakamilike.

Nikakumbuka kwamba nilikuwa na shehena ya fataki kwenye gari. Mtu mwingine angeogopa, mimi nikafurahi. Nikateremsha kioo, nikatoa roketi nje na kuiwasha. Ikatoa moshi kidogo, ikakohoa, ikazima. Ya pili vilevile. Ya tatu iliondoka, lakini haikwenda juu. Ilikwenda pembeni, chini kwa chini, ikajichimbia kwenye theluji na humo ikapasuka, nadhani, kwa sababu nilisikia kitu kama mlango wa kabati. Baadaye wewe umekuwa ukiwaambia watu kwamba tatizo ni ubora wa bidhaa. Nasisitiza kwamba ulikuwa ni upepo.

Ndipo nikaona taa. Kwanza moja, ikapotea. Kisha nyingi. Halafu kioo kikafutwa kwa glovu na nikauona uso wako, Hallbera, nyusi zimeganda barafu, unaniuliza, “Mjomba, unanisikia? Vidole vinacheza?” Ulikuwa na sura ya dada yangu alivyokuwa kijana. Sikuweza kujibu mara moja, na sababu ilikuwa ni baridi.

Tatu, namna mlivyokuja. Ilikuwa siku mnayouza kuliko siku zote, nanyi mkafunga duka. Nasikia watu walijipanga nje wakiwa na fedha mkononi na hakukuwa na wa kuwauzia. Ingetosha kubandika mlangoni neno “Dharura”. Badala yake mkabandika karatasi yenye maandishi makubwa: “Tumefunga. Tumemfuata Ketill.” Nimeambiwa hakuna aliyelalamika. Nimeambiwa pia kwamba hakuna aliyeuliza Ketill yupi, na hilo ndilo lililoniuma.

Nne, kakao mliyoninywesha garini. Ilikuwa na sukari nyingi mno.

Tano, Teitur. Huyu ni mwokaji wetu wa mikate, ameamka kabla ya kijiji kila siku ya maisha yake, na siku ile alikuwa hajalala. Mliponiingiza kwenye gari lenu la magurudumu makubwa, alirudi kwenye gari langu, akachungulia nyuma.

“Mzee Ketill, hizi fataki tuziache?”

“Tuziache vipi? Nimezilipia.”

Basi akazibeba mgongoni, boksi baada ya boksi, dhidi ya upepo ule, akazipakia, fataki za mtu anayewaharibia soko, kwenye gari lililonunuliwa kwa fedha za fataki zenu. Alizifunga kwa kamba zisiteleze. Njiani akaniuliza zilikuwa bei gani, nikamwambia, akasema, “Si mbaya.” Hallbera, nimewahi kutukanwa na manahodha watatu na karani mmoja wa benki, na hakuna tusi lililoniingia kama hilo “si mbaya”.

Sita, na hili ndilo lenyewe. Niliwauliza kesho yake ni kiasi gani. Nilikuja na pochi. Ukasema, “Sisi hatutozi, Mjomba.” Nikasema nataka. Ukasema, “Basi endelea kutaka,” ukanifungia kitufe cha juu cha koti kama mtoto wa chekechea.

Unajua maana yake? Mtu akikutoza, unalipa, mnaachana salama, na ukitaka unamwambia kwamba amekulalia. Asipokutoza unabaki naye maisha. Naingia dukani kununua maziwa, mtu wa kikosi ananiuliza miguu inaendeleaje. Naingia kanisani, mwingine ananisogezea nafasi karibu na jiko la moto. Wote wapole, na wote wanajua nilikuwa nimekwenda kutafuta nini. Hata kukosoa siwezi tena. Mkesha wa Mwaka Mpya, baada ya kile kipindi cha vichekesho kwenye televisheni ambacho nchi nzima hukitazama, kijiji kizima kilitoka nje na mbingu ikawaka pande zote. Nami nikawasha boksi langu moja. Lilipasuka mara mbili, likafuka moshi mzito, likanyamaza. Kutoka ng'ambo ya uzio Eyvindur akapaza sauti:

“Ketill! Hilo ni la bure au la kulipia?”

Sikujua. Hayo ndiyo mateso yangu, sikujua.

Sólrún alinishika mkono akasema, “Tuangalie za Eyvindur, kama siku zote.” Tukaangalia. Zilikuwa nzuri sana na sikukosoa hata moja.

Kwa hiyo natoa hoja kama ifuatavyo. Nipewe ankara. Iandikwe mafuta, saa za kila mtu, uchakavu wa minyororo ya magurudumu, mauzo mliyoyapoteza, na kakao ikiwa lazima. Msinionee huruma hata kidogo. Nikishaipata nitaisoma kwa makini, kisha nitakuja karakanani mbele ya watu wote kuomba punguzo, nanyi mtanikatalia, na baada ya hapo sote tutaweza kuishi kijiji kimoja kwa amani kama zamani.

Nisalimie watu wote wa kikosi, na hasa Teitur, mwambie mgongo ukimuuma nina dawa ya kuchua ambayo haijafunguliwa. Msalimie mama yako, na umwambie yale aliyoyasikia si kweli, isipokuwa yale aliyoyasikia kutoka kwa Sólrún. Sólrún mwenyewe anakusalimu, amesimama nyuma yangu anasoma kila mstari na mabega yanamtikisika.

Nabaki raia mwenye malalamiko na mguu unaopona,

Ketill Hallsson

N.B. 6 Januari. Nilikuja na barua hii leo karakanani nikukabidhi mkono kwa mkono, ukiwa unauza masalio, lakini kabla sijaitoa mfukoni simu yako ikalia. Ukanirushia fulana nyekundu ukasema, “Mjomba, simama hapa kaunta, kuna gari limepotea mlimani,” na dakika hiyohiyo mkawa mmeondoka wote. Nimekaa peke yangu. Akaja Eyvindur. Akashika boksi la tai, akasema kwa kuwa ni siku ya mwisho na haya ni masalio, bila shaka lina punguzo. Nikamwuliza kama haoni aibu. Nikamwonyesha misumari mitupu ukutani mnakotundika kamba, nikamwambia kwamba kamba hizo sasa hivi ziko mahali zinakohitajika, na kwamba hazioti kama nyasi. Huenda nilipaza sauti. Amelipa bei kamili na kuongeza juu. Mimi nimechukua boksi la tai lililobaki, fedha yake iko kwenye droo, usihangaike kuihesabu. Naona taa zenu zinarudi na nimeshaweka maziwa ya kakao jikoni yachemke. Huyo mliyemfuata huko juu, akitoa pochi, msimsikilize.