Sayari Niliyompa Mama Mkwe

Leo nimejivua nguo mbele ya wakwe. Kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Mnaonijua mnajua ile kazi yangu ya kujitolea. Kwa wasiojua: mimi ni fundi cherehani hapa Mikumi, na mteja akichelewa nashika simu natafuta sayari. Msicheke bado. Kuna watafiti wa nyota wana grafu nyingi kuliko macho waliyo nayo, kwa hiyo wanaziweka mtandaoni ili watu kama sisi tusaidie kuzitazama. Kila grafu ni vidoti vya mwanga wa nyota moja. Sayari ikikatiza mbele ya nyota yake, mwanga unafifia kidogo, vidoti vinabonyea, kisha vinarudi juu. Ukiona bonde, unaweka alama, unatuma. Basi. Mara mojamoja wanachomeka sayari ya uongo kutupima macho, na ukishatuma tu, ujumbe unakuja kukwambia. Hilo nalijua vizuri. (Ndiyo, nalijua. Endeleeni kusoma.)

Mtu mmoja tu ndiye asiyeipenda kazi hii: mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi wa Chanzuru. Miaka sita ya ndoa, na jina langu kwake ni "yule wa simu." Nikipika vizuri, "kumbe simu imeisha chaji." Inaniuma, sitawaficha. Nilikuwa naomba Mungu siku moja tu hiyo simu initoe kimasomaso.

Asubuhi nimepanda gari la Kilosa kwenda ukweni kusaidia kuchambua mchele. Shemeji yangu anaoa Jumamosi. Njiani nikafungua grafu. Jamani! Bonde! Lina kina, kingo zimenyooka, zuri kama limechorwa. (Likumbukeni neno hilo.) Nikaweka alama, nikapiga picha ya skrini, nikabonyeza kutuma, na papo hapo mtandao ukakata. Vile vilima mnavijua wenyewe. Nikafunga simu. Kichwani nilishajivisha taji.

Nilipofika Chanzuru wanawake walishakaa mikekani na nyungo zao. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simu haijambo?"

Mtu mwenye akili angecheka, akavuta ungo, akakaa. Mimi nikasimama katikati ya ua, nikakohoa kama diwani.

"Simu haijambo, mama. Na leo imekuletea zawadi. Nimegundua sayari, na nimeipa jina lako."

(Hakuna aliyeniruhusu kuipa jina. Mradi wenyewe hauruhusu. Lakini nani alikuwa pale wa kunizuia?)

Shangazi wa bwana harusi akapiga kigelegele, ua mzima ukaitikia. Wifi yangu Zuhura, mwalimu wa shule ya msingi, akanikumbatia. Mama Nasieku anayeleta maziwa akauliza, "Huko kuna majani? Maana huku ng'ombe wangu kila wakigeuka ni shamba la mtu." Nikamjibu nitaangalia. Kama mwenye mamlaka! Na mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu anifahamu, akaniita "mwanangu." Akanipa kigoda. Kigoda chake.

Simu ikazunguka mkono kwa mkono, kila mmoja aone picha. Ilipofika kwa Zuhura, mtandao ukarudi. Ikalia.

"Ujumbe huu hapa, wa watu wa sayari!" akasema Zuhura. "Niwasomee?"

"Soma kwa sauti," nikasema. (Mimi. Mimi ndiye niliyesema.)

Akasoma Kiingereza chote, kisha akatafsiri polepole, kwa sauti ya darasa la tatu: "Hongera. Umeona vizuri. Hii ilikuwa sayari ya bandia, tumeiweka sisi wenyewe kukupima."

Kigelegele cha shangazi, kilichokuwa kimeshaanza, kikakatikia njiani.

"Bandia," mtu akarudia kule nyuma.

"Kama kucha," akaongeza mwingine.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikainuka taratibu kwenye kigoda, maana nilijua si changu tena. Mama mkwe hakucheka, na hicho ndicho kilichonimaliza. Akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Lete hiyo simu."

Nikajua inaenda kisimani. Nikampa. Akavaa miwani.

"Hivi vidoti ndivyo mnavyoangalia?"

"Ndiyo, mama. Unatafuta palipobonyea."

"Kumbe ni kuchambua tu."

Akaiweka simu juu ya ungo, akaanza. Mimi nabonyeza, yeye anatazama. Grafu ya kwanza, "Safi." Ya pili, "Safi." Ya kumi na kitu akanishika mkono.

"Hapa pana chuya."

Nikachungulia. Sikuona kitu. "Mama, hapo ni nyota tu inachezacheza."

"Pana chuya hapa. Na hapa. Na hapa. Na zimeachana sawasawa." Akaninyooshea kidole chenye vumbi la mchele. "Mimi natoa chuya kwenye mchele wa harusi za watu tangu hujazaliwa. Weka alama."

Nikaweka alama tatu, nikatuma. Safari hii mtandao ulikuwa na nguvu. Tukangoja ule ujumbe wa bandia, Zuhura kaikodolea macho simu kama anangoja matokeo ya mtihani. Dakika moja. Mbili. Tano. Haukuja. Nikaandika habari za grafu hiyo kwenye ukurasa wa majadiliano wa mradi, tukarudi kwenye mchele.

Alasiri jibu likaja. Zuhura akalisoma kimya kwanza (amejifunza), kisha akapaza sauti: "Hii haimo kwenye orodha ya zinazojulikana. Mabonde ni madogo sana, wengi wameyapita. Tunaipeleka kwa wataalamu waihakiki kwa darubini. Nani ameiona?"

Vigelegele! Safari hii hakuna kilichokatika. Shangazi alipiga mpaka akapaliwa. Mimi nililia, sioni haya kusema. Mama mkwe akakaa wima kwenye kigoda chake.

"Andika: Mwanaidi binti Salum, wa Chanzuru, Kilosa. Na uandike kwamba alifundishwa na mkwewe."

Nimewaeleza wote kwamba bado haijathibitishwa, wataalamu wanaweza kukuta si sayari. Nani ananisikiliza? Mama Nasieku ameuliza tena habari za majani, ila safari hii kamuuliza mama mkwe mwenyewe, naye kamwambia awe na subira.

Basi ndugu zangu, msinicheke. Na mkinipigia, atapokea mama mkwe na kuwaambia ana kazi, msimsumbue. Haya nimeyaandika kwa simu ya Zuhura, kati ya ungo na ungo, maana mchele wote wa harusi nimeachiwa mimi.