Jangwa Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nakaribia kufa, kwa hiyo bora niandike ukweli: chumbani kwangu nimeficha jangwa. Liko kati ya pazia na kioo cha dirisha. Beseni moja la udongo wa Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ulioletwa na Halidi, mwanafunzi wangu wa zamani. Nimeotesha majani ya hukohuko na kuyafunika kwa nailoni. Pembeni, ndoo tatu za maji, sukari na hamira. Zinatoa povu, na hewa ukaa inapita kwenye mpira hadi ndani ya nailoni. Ndiko hewa ya dunia inakoelekea. Beseni la pili liko uani, linavuta hewa ya kawaida. Binti yangu Mwanvita anadhani nimepanda vitunguu. Hili la chumbani halijui.

Dirisha nimeliziba kwa selotepu. Upepo wa Uluguru hauna adabu, ungebeba kila kitu.

Yote ni kwa ajili ya Jonathan. Tulifundisha udongo pamoja, tumestaafu pamoja, yeye kijijini Mlali, mimi hapa mjini. Anashikilia kwamba hewa ukaa ikizidi, majani ya jangwani yatarefuka upesi, lakini vijidudu vya udongoni vitashiba sukari ya mizizi na kujishikia naitrojeni yote. Majani yatabaki na njaa. Mimi nasema udongo utanenepa. Ijumaa ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima, na sisi wazee wa udongo tuna meza yetu viwanjani. Nitamwonyesha! Nikiwa hai.

Maana leo alasiri nilijinyoosha kidogo, kifo kikaja. Kichwa kinagonga. Moyo mbio. Pumzi haitoshi. Nikaona kabisa mtu mweupe amesimama kabatini! (Ilikuwa kanzu.) Nikatambaa hadi sebuleni. Kikaniacha.

Jumanne, 5 Agosti
Kifo tena. Mwanvita alinikuta nahema kama mbuzi aliyefukuzwa. Akaacha mlango wazi, akanisomea Yasini. Kufika katikati, nikawa mzima! Kisha pua yake ikaanza kazi. Akauliza, baba, mbona chumba kinanuka kama kilabuni? Nikasema dawa ya kifua. Akasema dawa gani inanuka hamira, na alhaji mzima nataka watu wa msikitini wasemeje. Akatoka anasonya. Nikafunga mlango, nikasokomeza kanga kwenye upenyo wa chini.

Jumatano, 6 Agosti
Zahanati. Daktari Rose, binti mpole, alinipa shikamoo, akanipima kila mahali. Moyo mzuri, mapafu mazuri. Akauliza kama nalala na jiko la mkaa. Nikasema hapana, wallahi. Akauliza kama dirisha linafunguka. Linafunguka vizuri sana. Ni mimi tu silifungui. Hilo sikulisema. Akaniambia, babu, lala penye hewa. Vijana! Nilikuwa nafundisha habari za hewa kabla mama yake hajazaliwa.

Nimerudi na hofu maradufu. Ugonjwa unaomkimbia daktari, huo ndio unaoua.

Majani ya chumbani yamepita ya uani kwa urefu. Rangi yake tu... Labda ni pazia.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa! Jonathan alikuja kunijulia hali, na mkungu wa ndizi. Nikamkaribisha chumbani, nikafunga mlango ili Mwanvita asinuse. Akanisihi nijitahidi nife Jumamosi, maana Ijumaa anahitaji mtu wa kumshinda. Nikamwambia mwenye mvi nyingi atangulie. Tukacheka. Ghafla akashika kifua. Jasho. Akasema, Twalibu, mbona moyo unanienda mbio? Nikasema na wangu. Akasema anamwona marehemu mama yake. Wapi? Akaonyesha kabati.

Kanzu ileile, na mimi sikuwa na uhakika tena!

Tukashikana mikono, wazee wazima. Akaniomba radhi kwa mabishano yote. Akasema huenda kuhusu majangwa niko sahihi mimi. Nilikuwa karibu kumwambia kuna beseni nyuma ya pazia, na majani yake yamekuwa ya njano. Mdomo ulishafunguka! Mwanvita akasukuma mlango na chai. Tukaihamishia sebuleni. Baada ya kikombe kimoja, Jonathan akafuta radhi yake. Nami nikafunga mdomo.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane
Ushindi! Nilipeleka beseni kwa bajaji. Majani ya kijani kibichi! Nikatangaza kwamba yamelishwa hewa ukaa tangu kuota. Jonathan akayapapasa, akang'oa jani, akalitafuna kama ng'ombe. Kisha akanipa mkono mbele ya wote. Akasema ameshindwa, ila ataanza jaribio lake leo hii, alione kwa macho yake. Nikampa udongo na mbegu zilizobaki, na maelekezo yote: ndoo, hamira, selotepu, kanga mlangoni. Mzee muungwana.

Jumapili, 10 Agosti
Jonathan kapiga simu, sauti ya kaburini. Amejifungia na ndoo saba; hapendi mambo madogo. Kifo kimemfuata Mlali, na mama yake pia. Akauliza, Twalibu, nikifungua dirisha nitaharibu?

Nikawaza upesi. Jaribio lake likifika mwisho, majani yatageuka njano naye atajua. Nikamwambia fungua! Fungua yote, mwaga ndoo, hamia sebuleni! Kapiga tena, mzima kabisa, ananishukuru kwa kumwokoa. Bahati yake. Chake kilikuwa cha mawazo tu. Changu ni cha kweli.

Kesho anakuja kuliona beseni langu pale lilipokaa. Lazima majani yapate rangi kabla hajafika. Huenda hewa ukaa haikutosha; nimeongeza ndoo mbili, nimebandika selotepu mpya. Mlango nimeupiga komeo, Mwanvita asinisumbue na chai yake.

Kichwa kimeanza. Mtu mweupe amerudi, na kanzu nimeivaa mimi.

Nisiondoke na neno hili moyoni, basi. Beseni nililopeleka Nane Nane ni la uani.