Jina la Okwach na Yote Yanayoambatana Nalo

Jumapili ya mavuno, katika kanisa moja la Nyakato, gitaa kuukuu liliuzwa mnadani kwa shilingi milioni moja na laki nane. Jonathan Luhende, aliyekuwa ameingia kanisani kutafuta kivuli na watu wenye fedha, alisahau kivuli akakaa wima kwenye benchi.

Kila mtu wa Mwanza anajua mnada wa kanisani ulivyo. Yai moja hununuliwa kwa elfu arobaini, na hakuna anayetoka pale akidhani kuku wamepanda bei. Wenye fedha hushindana mbele ya Mungu na mbele ya wake zao, kanisa linapata bati, na yai linakwenda nyumbani kukaangwa. Lakini Luhende hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa mtu wa bei. Aliona wanaume wawili wakipandishiana kwa ajili ya gitaa lililopasuka mgongoni. Aliona mshindi, mfanyabiashara wa mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya samaki vinavyouzwa ng'ambo, aitwaye Shimba, akilinyanyua juu kama kombe la mpira. Akamsikia mzee wa kanisa akitangaza kwamba hilo lilikuwa Okwach halisi, la mwaka sabini na nne.

Luhende akatoa simu akaandika neno moja: Okwach.

Huyu Luhende alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, koti moja la bluu, na kitambulisho shingoni ambacho hakuna mtu aliyewahi kukisoma. Alijiita mshauri wa biashara. Aliwahi kuuza tiketi za semina ya namna ya kujikinga na matapeli. Semina haikufanyika, na waliokata tiketi walikiri kwamba walijifunza. Kitu pekee alichokipata kwa njia halali ni kiwanja cha Kiseke, na hicho alirithi kwa mama yake.

Kesho yake alikwenda kuiona karakana ya Okwach. Ilikuwa nyuma ya viwanda, chini ya kibao kilichofifia: OKWACH, MAGITAA, TANGU 1968. Mzee Okwach mwenyewe, aliyekuja kutoka Shirati akiwa kijana na randa moja kwenye mfuko wa sandarusi, alikuwa ameinamia ubao wa mninga. Binti yake Akeyo, mama wa makamo, alikuwa akipiga msasa shingo ya gitaa. Luhende alijibanza kwenye kibanda cha chai upande wa pili, akahesabu. Katika saa moja waliingia watu saba, kila mmoja na gitaa. Hakuona hata mmoja akitoa fedha. Hilo nalo alilitafakari kitaalamu, akaamua kwamba wateja wakubwa hulipia benki.

Biashara ilikuwa inachemka, basi, na mwenye biashara hakujua ana dhahabu. Lakini dhahabu hainunuliwi kwa bei ya dhahabu. Lazima kwanza ishuke.

Akaanza kuishusha. Kwa kinyozi alisema, "Nasikia yule mzee wa magitaa anafilisika. Usinitaje." Kwa mama wa chai alisema hivyohivyo kwa sauti ya chini zaidi. Kwa mwalimu wa kwaya alitikisa kichwa tu na kuvuta pumzi, na mwalimu akajaza yaliyobaki. Baada ya wiki mbili habari ilimrudia mwenyewe ikiwa imenenepa: benki imeshaandika barua, mzee ana presha, Akeyo anauza misumari kwa kuhesabu. Luhende alisikitika kwelikweli, akamnunulia soda aliyemsimulia. Muuza mbao akaanza kudai fedha mkononi. Shule moja iliyokuwa imeagiza magitaa manne ikasema itafikiria upya. Mji ambao kwa nusu karne ulikuwa umeoa, kuzika na kubatiza kwa magitaa ya Okwach ulianza kupita mbele ya karakana ukitazama upande wa pili, kama inavyofanywa kwa mtu anayeweza kukuomba kitu.

Hapo ndipo mwokozi akabisha hodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta gitaa?"

"Sikuleta gitaa. Nimeleta suluhisho."

"Weka hapo mezani tulione."

Luhende akacheka kwa heshima, akakaa bila kukaribishwa. "Mzee, nasikia hali siyo nzuri. Mimi roho imeniuma. Jina la zaidi ya miaka hamsini lizame hivihivi?"

"Na sisi tumesikia," alisema Akeyo bila kuacha msasa. "Wanasema habari ilianza kwa mtu mmoja mwenye koti la bluu."

"Makoti ya bluu ni mengi mjini, dada."

"Kwa joto la mwezi huu, ni moja."

"Akeyo, mwache mgeni aseme," alisema mzee.

Mgeni akasema. Alitaka kununua jina. Karakana mzee abaki nayo, randa abaki nazo, mbao abaki nazo. Yeye angechukua jina tu na kulilinda lisiaibike. Alitaja milioni nne. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema sita. Luhende alijifanya kuumia kwa dakika nzima, akakubali.

"Lakini, kijana," mzee akasema, "umewahi kutazama ndani ya gitaa langu?"

"Sina haja, mzee. Ndani mna historia."

"Hilo ni kweli," alisema mzee, akavaa miwani.

Kutoka hapo Luhende alikwenda moja kwa moja kwenye ghala la Shimba, ambako mabondo yalikuwa yakikauka na kunuka utajiri. Gitaa la mnadani lilikuwa limetundikwa ukutani juu ya kiti chake. Mtu aliyetoa milioni moja na laki nane kwa gitaa lenye ufa analazimika kuamini kwamba linastahili, la sivyo atamwambia nini mkewe. Luhende aliona hakuna haja ya kumshawishi, alimpongeza tu.

"Bosi, ulinunua moja. Nunua yote. Unaleta kontena la magitaa kutoka China, unabandika jina la Okwach, unauza kwa bei ya Okwach. Jina nakupa kwa milioni thelathini."

"Kwa nini usibandike wewe?"

"Mimi nina jina, bosi. Sina kontena."

Shimba alikuna kidevu. "Nikupe milioni thelathini, kesho mzee aseme hakuuza kitu? Hapana. Tangaza kwanza. Redioni, na mabango mitaani. Weka picha yako na namba yako ya simu. Mji ukishakutambua kuwa ndiye mwenye jina, njoo uchukue fedha yako."

Ilikuwa busara ya mtu aliyewahi kuuziwa ghala lililokuwa ziwani. Luhende alikubali, kwa sababu faida ya milioni ishirini na nne haimpi mtu nafasi ya kukataa. Akauza kiwanja cha Kiseke wiki hiyohiyo, kwa haraka na kwa hiyo kwa hasara, akapata milioni sita za mzee, fedha ya matangazo, na nauli.

Mkataba aliuandika mwenyewe. Alijivunia Kiswahili chake cha kisheria. Walitia saini kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti, naye Akeyo amesimama mlangoni. Mzee Okwach aliusoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno.

"Hapa umeandika, jina la Okwach na yote yanayoambatana nalo, yaliyopita na yajayo."

"Ndiyo, mzee. Sitaki baadaye tuvutane."

"Yaliyopita pia?"

"Yaliyopita ndiyo yenye thamani."

"Fikiri vizuri, mwanangu. Nakuuliza mara ya mwisho."

"Mzee, saini. Mimi nimefikiri kuliko unavyodhani."

"Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia," alisema mwenyekiti, akagonga muhuri mara mbili. Akeyo alitoka nje akiwa ameziba mdomo kwa khanga, na Luhende akadhani analia.

Kwa siku tano redio ilitangaza asubuhi na jioni kwamba mwenye jina la Okwach sasa ni Bwana Jonathan Luhende, kijana mwenye uwezo. Maneno "mwenye uwezo" aliyaongeza mwenyewe na kuyalipia. Mabango yalibandikwa kutoka Nyakato hadi stendi za mabasi: picha yake, koti la bluu, namba ya simu. Mzee alisema hawezi kufanya kazi chini ya jina la mtu mwingine, akahamishia randa zake kwenye kibanda cha bati ng'ambo ya barabara, akakiacha kibao cha zamani pale kilipokuwa.

Siku ya sita Luhende akamleta Shimba kupokea mali yake, naye Shimba alikuwa na gitaa la mnadani garini, apige nalo picha chini ya kibao. Walipokunja kona ya viwanda, walikuta foleni. Ilianzia mlangoni, ikapita gereji, ikaishia mahali ambapo macho hayakufika.

"Umeona, bosi? Tangazo la siku tano tu."

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwanamume aliyevuka na meli kutoka Ukerewe, ana gitaa lililokatika shingo.

"Wewe ndiye mwenye jina?"

"Ndiye mimi," alisema Luhende, akivuta koti.

"Mungu akubariki." Akampa shingo mkono wa kulia na kasha lenye tundu mkono wa kushoto.

"Tuanze na bei, basi," alisema Luhende.

"Bei ya nini?" Yule bwana akaligeuza kasha lipate mwanga. "Soma humo ndani."

Luhende akainama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akatazama ndani ya gitaa la Okwach. Kulikuwa na kikaratasi kilichogandishwa chini, kimegeuka rangi ya chai, kimepigwa chapa kwa herufi za mashine ya zamani: *Gitaa hili likiharibika, mwenye jina la Okwach atalitengeneza bure, wakati wowote, kwa aliyelinunua na kwa warithi wake. Nyakato, Mwanza.*

"Yote yana hiki kikaratasi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua uwezo.

"Tangu mwaka sitini na nane," alisema mzee Okwach kutoka ng'ambo, bila kunyanyua uso kwenye randa. "Ni kama elfu mbili na kitu. Kwa miaka mingi watu walikuwa na haya, wanaleta mojamoja. Waliposikia nafilisika hawakuja, walinionea huruma. Sasa wamesikia kuna kijana mwenye uwezo."

Shimba alikuwa mfanyabiashara. Aliuliza swali la mfanyabiashara. "Mzee, karakana ilikuwa inaingiza kiasi gani?"

"Miaka kumi hii, anakuja mmoja kununua, wanakuja saba kutengenezewa bure. Nilikuwa nafilisika kweli. Nyumbani ni mimi na Akeyo tu tuliojua. Nilishangaa sana huyu kijana alijuaje."

Watu wa mbele kwenye foleni wakamtazama Luhende kwa heshima mpya. Maskini, alikuwa amedanganya miaka kumi na nane bila kuteleza, na siku aliyosema kweli hakujua.

"Bosi," alisema, "tuzungumze pembeni."

Lakini Shimba alikuwa ameshaelekea kwenye gari lake. Luhende akapumua, akidhani anafuata fedha. Shimba akarudi na gitaa la mnadani chini ya kwapa.

"Hili lina ufa mgongoni," alisema. "Mwisho wa foleni ni wapi?"

Luhende akavuka barabara.

"Mzee, naomba uchukue jina lako."

"Siyo langu. Lina muhuri."

"Basi nirudishie nusu tu. Niliuza kiwanja cha mama yangu."

Mzee akaiweka randa chini. Kwa mara ya kwanza alionekana kukasirika, na hasira yake ilikuwa ya polepole. "Uliuza cha mama yako ili ununue cha kwangu kwa bei uliyoishusha kwa mdomo wako. Sasa sikiliza. Hawa watu nilitoa ahadi kwao, siwezi kuwaacha wasimame juani. Nitayatengeneza magitaa yao kwa niaba yako. Gitaa moja elfu thelathini. Milioni sita ulizonipa ni magitaa mia mbili."

"Na la mia mbili na moja?"

"Hilo," alisema Akeyo, "utalileta mwenyewe na elfu thelathini yake, kaka. Koti unaweza kuliacha nyumbani."

Kesho yake asubuhi Luhende alipanda basi la Geita, simu ameizima. Pale Kigongo, kabla ya kuingia darajani, basi lilisimama kuchukua abiria. Wauza samaki waliozoea abiria wa kivuko siku hizi wanazunguka madirishani, na mmoja wao, Modesta, alikuwa akifunga samaki wa kukaanga kwa karatasi nzito yenye picha, iliyobanduliwa kwenye bango. Aliitazama picha. Akalitazama dirisha. Akaweka beseni chini, akaondoka mbio. Konda alikuwa bado anapanga mizigo Modesta aliporudi na gitaa lisilo na nyuzi.

"Marehemu mume wangu alinunua Nyakato," alisema, akilipitisha dirishani. "Mimi ndiye mrithi."

"Mama, umenifananisha."

"Na koti nalo nimelifananisha?"

Basi zima lilicheka. Mzee mmoja wa viti vya nyuma akasema naye analo nyumbani Sengerema, wakipita wasimame kidogo. Konda akaja kumdai Luhende nauli ya mzigo, kwa sababu gitaa siyo mtoto wa kupakatwa.

Alipofika Geita alikuwa na magitaa matatu.

Jumatatu iliyofuata mzee Okwach alikuwa kwenye kibanda chake cha bati, chini ya kibao kipya chenye rangi mbichi: AKEYO, MAGITAA. MATENGENEZO KWA MALIPO. Gitaa la Shimba, la mia moja na tisini na saba na la mwisho kwenye daftari la foleni, lilikuwa mezani, ufa umejaa gundi. Kivuli kikaanguka mlangoni. Mtu alisimama pale bila koti, mabega yameinama kwa mzigo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta gitaa?"

"Nimeleta matatu."

"Weka hapo mezani tuyaone."