Fomu Arobaini, Nyonga Moja

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kihistoria! Mkuu wa Ofisi ya Ubunifu amestaafu. Alilia. Sisi wengine tulikuwa tunakitazama chumba chake. Madirisha mawili, kiti cha kuzunguka, choo chenye ufunguo wake! Mkurugenzi akatangaza kwamba nafasi itakwenda kwa yule ambaye kazi yake itang'aa siku ya majaribio ya treni mpya. Macho yote yakanigeukia. Au yaligeukia saa ya ukutani, iliyokuwa nyuma yangu. Ilikuwa karibu saa ya chakula.

Kwa faida ya kizazi kitakachosoma shajara hii: kiwandani kwetu tunaunda treni za mayowe. Zile za viwanja vya burudani, zinazopanda mlima wa chuma polepole, kisha zikaporomoka na kupinduka, miguu juu, kichwa chini. Mimi ndiye mhandisi wa viti. Bila kiti changu, abiria ni jiwe la kombeo. Mpinzani wangu ni mmoja tu, Mama Breki, mhandisi wa breki. Mwanamke mkimya. Simwamini mtu mkimya.

Sharti la kwanza la kiti kipya ni kupima watu arobaini. Mgongo, nyonga, paja, tumbo, mabega. Kila mtu fomu yake, kila fomu sahihi yake. Nilipofika nyumbani nikamweleza mke wangu, ambaye ni mshonaji nguo. Akasema mbona kazi ndogo, ana daftari lenye vipimo vya wateja mia tatu, wanene kwa wembamba, nilichukue tu. Nikacheka mpaka nikapaliwa. Nikamwambia huu ni uhandisi, mama, si gauni la harusi. Akanitazama, akarudi kwenye cherehani yake.

Nimempigia simu mama mkwe kumwarifu kwamba nimeshakuwa Mkuu. Nimetanguliza habari kidogo tu. Miaka yote ananiita "huyo bwana". Leo ameniita mwanangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeingia kantini na utepe wa kupimia shingoni. Nilianza na mpishi. Nikamwambia kwa adabu zote, dada, naomba nyonga zako kwa ajili ya maendeleo. Akainua mwiko. Nikaeleza kwamba ni za sayansi. Mwiko haukushuka. Nikamwendea mlinzi wa lango, akakubali, kumbe ana mtekenyo! Kila nikimgusa mbavu anaanguka chini kwa kicheko. Karani wa stoo akauliza kuna zawadi gani. Mwisho wa mapumziko: fomu sifuri, mchuzi shatini.

Nikajifungia ofisini. Nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Nikajiuliza, hivi mtu wa kawaida ni nani hasa? Si mrefu sana, si mfupi sana. Si mnene, ila ana kitambi kidogo cha heshima. Uso wa kupendeza. Jibu lilikuwa limesimama mbele yangu, limevaa tai! Kupima watu arobaini mara moja moja, au kumpima mtu mmoja mara arobaini, hesabu ni ileile. Arobaini ni arobaini.

Nani atajua?

Alhamisi, 6 Machi

Fomu zote zimekamilika. Nimejipima asubuhi kabla ya chai na mchana baada ya maharage. Nimejipima na viatu, bila viatu, nimevuta pumzi, nimetoa pumzi. Abiria namba 12 ni mimi na koti. Abiria namba 26, mwanamke, ni mimi nimebana magoti. Sahihi nimetia kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto, na tatu nimeshika kalamu kwa meno. Vidole vimekufa ganzi. Mvivu hawezi kazi hii.

Mama Breki alizipitia wakati wa chai. Akauliza imekuwaje watu wote arobaini bega la kushoto limeshuka. Hilo sikuwa na habari nalo! Nikasema haraka ni mikoba, watu siku hizi wanabeba mikoba upande mmoja. Akasema ahaa. Kisha, kama anayejisemea, akasema hata siku za mwizi ni arobaini. Kijicho kitupu!

Jioni nikamuuliza mke wangu, kwa kupitia mbali, kama mabega yangu yako sawa. Akasema mwaka wa kumi na nne huu anapachika sponji bega la kushoto kila anaponishonea koti. Nikamwambia tuzungumze mambo ya maana.

Jumatatu, 12 Mei

Viti vimefika! Ishirini na vinne, vyekundu, vinanukia upya. Nikakalia kimoja. Ee, raha gani hii! Kana kwamba kilikuwa kinaningoja tangu nizaliwe. Nikavuta kizuizi, kile chuma kinachoshuka mapajani kumshika abiria asiruke. Kikalala juu ya kitambi bila kukibughudhi. Tak! Taa ya kijani. Kila kiti kina taa yake. Kizuizi kikimshika mtu sawasawa inawaka kijani. Kisipomshika inawaka nyekundu, na treni haiondoki hata uisukume. Mtambo huo ni wa Mama Breki. Roho mbaya mpaka kwenye nyaya.

Fundi wa karakana akajaribu kuketi. Nyonga hazikuingia. Nikamshauri apunguze kula. Karani wa stoo akaingia mzimamzima, akateleza upande wa kushoto, kizuizi kikaning'inia mbali juu ya mapaja yake. Nyekundu. Nikamshauri aongeze kula. Ni jambo la kusikitisha jinsi kiwanda hiki kilivyoajiri watu wasio wa kawaida.

Jumatano, 14 Mei

Majaribio ya masanamu. Hawa ni watu wa plastiki, tunawajaza maji wawe na uzito wa binadamu. Kwa utaratibu wetu, umbo la sanamu hufuata zile fomu za vipimo. Basi yakaketi yote kama wafalme. Taa ishirini na nne, zote kijani! Treni ikapanda, ikaporomoka, ikapinduka, ikarudi. Hakuna sanamu hata moja lililolalamika. Mkurugenzi akanipiga piga begani. Nikamwona Mama Breki akilitazama sanamu moja, halafu ananitazama mimi, halafu sanamu. Akaenda zake akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

Keshokutwa ndiyo siku yenyewe. Treni ni ya familia nzima, bibi na wajukuu, kwa hiyo tumeagizwa tulete jamaa zetu wapande, Mkaguzi wa Usalama ashuhudie. Karani akauliza kama na mimi nitapanda. Nikasema mbunifu hubaki chini, aone picha nzima. Sababu ya kweli naiandika humu tu: naogopa urefu. Balbu ikiungua nyumbani, anayepanda stuli ni mke wangu. Mimi naishika stuli na kufumba macho.

Mama mkwe anakuja. Amenunua viatu vipya vya kuja kumwona Mkuu.

Ijumaa, 16 Mei

Nitafupisha.

Watu ishirini na wanne wakaketi. Au tuseme walijaribu. Mkurugenzi akajisukuma kwa nguvu, kizuizi kikafunga nusu, akawa haingii wala hatoki. Mkewe akateleza kushoto. Kaka wa fundi wa karakana akateleza kushoto. Mpishi, yule wa mwiko, hakujisumbua. Alikitazama kiti, akanitazama mimi, akasema haki ya Mungu hapa kuna mtu ana kesi. Mlinzi akachukua nafasi yake, akawa anacheka tu, chuma kinamtekenya. Taa ishirini na nne, zote nyekundu. Mkaguzi akaandika kitu. Nikamweleza kwamba kwa bahati mbaya abiria wa leo si watu wa kawaida. Akauliza, wote? Nikasema hutokea.

Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele kabisa. Ameinamia kushoto, mkoba kifuani, viatu vipya havigusi chini. Akaniita kwa sauti, Bwana Mkuu, njoo unitoe humu mwanangu. Mkurugenzi, kutoka pale alipobanwa, akauliza Mkuu gani. Nikaomba ardhi ipasuke inimeze. Sakafu ile ni ya zege.

Ndipo mke wangu akapanda jukwaani. Akamtoa mama yake kwanza. Kisha akapitisha kiganja kwenye mgongo wa kile kiti, polepole, vile anavyopapasa kitambaa kabla ya kukikata. Alipofika bega la kushoto akasita. Akashuka mpaka kwenye nyonga. Akaenda kiti cha pili, akaenda cha tatu. Halafu akasema, kwa sauti yake ya kila siku, kwamba mwili huu anaufahamu, ameushonea miaka kumi na minne. "Hiki kiti ni mume wangu," akasema. "Na hiki. Na hiki. Jamani, vyote ni yeye."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mama mkwe akatengeneza nguo yake, akasema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Jukwaa zima likaangua kicheko. Mkurugenzi hakucheka. Pumzi ya kuchekea hakuwa nayo.

Wala Mkaguzi hakucheka. Akasema maadamu yupo binadamu mmoja anayetosha, angalau aondoke na ripoti ya binadamu mmoja. Kila kiti kijaribiwe na mtu hai, kwingine yakae masanamu. Nikapiga hesabu. Safari ishirini na nne! Nikasema nina mafua. Mama Breki akanishika mkono kwa heshima zote, akaniketisha kiti cha kwanza. Tak. Kijani.

Masanamu ishirini na matatu na mimi. Mimi ishirini na nne tunapanda mlima wa chuma, na anayepiga mayowe ni mmoja. Safari ya kwanza nilimwita mama yangu. Ya tatu nilimwita mama mkwe. Ya tano nilikiri madhambi yote, hata lile birika lililovunjika mwaka juzi nikamsingizia paka. Kuanzia ya sita nilitapika kila tulipopinduka. Baada ya safari ya tisa nikahamia kiti cha kumi, kizuizi kikashuka, taa ikabaki nyekundu. Wakarudia. Nyekundu. Kitambi kimekwisha!

Mkaguzi akafunga daftari lake. Sasa hakuna mtu hata mmoja duniani anayetosha kwenye viti vile.

Jumapili, 18 Mei

Niko kitandani. Dari bado linazunguka. Ukuu amepewa Mama Breki. Nakiri kwa shingo upande kwamba breki zake ziliisimamisha treni mara tisa bila kunimwaga hata mara moja. Asubuhi alikuja hapa nyumbani. Nilidhani amekuja kunijulia hali. Amekuja kuomba daftari la mke wangu! Wakanywa chai, wakalipitia ukurasa kwa ukurasa. Nilisikia vicheko, na neno "bega" mara nne. Mke wangu anaanza kesho kama mshauri wa vipimo wa kiwanda. Atakaa kwenye chumba chenye madirisha mawili, wamesema kinawatosha wote wawili.

Mimi nilikuwa nifukuzwe. Mke wangu ndiye aliyeniombea. Alimwambia Mama Breki kwamba huyu mtu ana akili, tatizo anazitumia kukimbia kazi. Nililisikia hilo kupitia ukutani nikalia kidogo, sina sababu ya kuficha. Nimebakizwa kwa sharti moja. Daftari halina wazee wa kutosha, kwa hiyo nipime wazee sitini, mmoja mmoja, fomu na sahihi, ifikapo Ijumaa. Mke wangu akaniletea fomu, na juu yake akaweka utepe wake mwenyewe, ule wa kazi, ambao hajawahi kumwazima mtu. Akasema safari hii watu wa kweli, baba watoto. Nikaapa kwa jina la mama yangu.

Na nimejifunza! Tangu asubuhi natafakari kosa langu lilikuwa wapi, sasa nimeliona. Nilimpima mtu asiye sahihi. Mimi si mzee. Ningejuaje? Anayetakiwa ni mzee wa kawaida. Si mrefu, si mfupi, nyonga za wastani. Na mzee wa namna hiyo yumo humu humu ndani! Amejilaza kwenye kochi sebuleni baada ya chakula cha mchana, viatu vipya kavivua, anakoroma. Hajasema nami tangu Ijumaa, kwa hiyo hata nikitaka kumwomba ruhusa sina njia. Mke wangu yuko kwenye cherehani, hatasikia kitu. Nina utepe, nina kalamu mbili. Nitaanza na nyonga.

Baadaye. Naandika nikiwa bafuni, nimeketi ukingoni mwa beseni la kuogea, mlango nimeukomea. Mama mkwe yuko upande wa pili na kiatu kipya mkononi. Cherehani imenyamaza. Mke wangu anauliza kuna nini, na mama yake anamweleza, anamweleza kwa kirefu.

Lakini nyonga nimezipata. Nimeshajaza fomu saba.