Sayari Kwenye Ungo wa Klara

Jumatano, 27 Agosti 2025. Misigiri.
Miaka arobaini na moja tangu nihamie Mitundu. Nimekuja kuomba kiwanja kando ya kaburi la baba, nizeekee hapo. Mwenye kauli ni Klara, mjane wa kaka yangu. Akachinja kuku. Vizuri. Firigisi akampa Leonidas! Mwalimu mstaafu, rika langu, hajawahi hata kushuka mlima Sekenke akaone kwingine! Ati yeye ndiye mzee wa hapa, mimi mgeni. Nikatafuna shingo. Watanitambua.

Alhamisi, 28 Agosti
Mpango! Jumamosi ni mahafali ya darasa la saba. Nimemwomba mwalimu mkuu, Bi. Editha, dakika kumi nieleze sayari zinavyozaliwa. Amekubali. Leonidas akasema sayari ziliumbwa zikiwa tayari, kama sufuria dukani. Mpumbavu! Nyota changa huzungukwa na sahani pana ya gesi na vumbi. Chembe zikigusana taratibu hunatana, zikawa kokoto, kokoto zikawa miamba, miamba ikawa dunia. Zikigongana kwa kasi, husambaratika. Mimi nimesoma. Yeye kasoma nini? Daftari la mahudhurio!

Ijumaa, 29 Agosti
Nimechukua ungo wa Klara na unga wa uwele. Unga ndiyo vumbi. Ukinyunyiziwa maji na kuzungushwa, utafanya punje. Nikajaribu nyuma ya zizi. Flora, mjukuu wa Klara, akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akauliza babu ameshikaje ungo, kwani wanawake wameisha? Nikamfukuza. Punje hazikutokea. Unga mbovu.

Jumamosi, 30 Agosti
Wazazi wote. Upepo wote. Nikazungusha. Leonidas akapaza sauti kwamba mzee wa Mitundu anatafuta mke kwa kupepeta. Kicheko! Nikazungusha kwa nguvu zaidi. Unga ukaruka: meza kuu, koti la Leonidas (silijutii), macho yangu. Klara akaja akaninyang'anya ungo mbele ya watu. Akanyunyiza maji, akazungusha polepole. Punje ndogo. Kubwa. Kubwa zaidi. Makofi! Akaniambia, “Shemeji, unazungusha kwa hasira, vitashikanaje?” Nani alimuuliza?

Jumapili, 31 Agosti
Klara amesema kiwanja nitapata. Kutoka pale kaburi la baba linaonekana vizuri, pamoja na ule ukuta wa mawe niliomsaidia baba kupanga nikiwa mtoto. Nilikaribia kulia. Ila kwanza, akasema, nile sahani moja na Leonidas, tugawane firigisi. Kugawana! Nikachukua begi. Basi la saa nne.

Jumatatu, 1 Septemba. Mitundu.
Nimenunua ungo mkubwa kuliko wa Klara. Nazungusha tangu asubuhi, kwa nguvu zangu zote. Ua mzima ni mweupe. Bado kidogo tu. Mchana nikachinja kuku wangu, nikala firigisi nzima peke yangu. Ilikuwa na mchanga.

Misigiri sitarudi.